Kubadilisha Mpini wa Kisu cha Kukunja Ukiwa Nyumbani

Karibu kila wiki naulizwa maswali yale yale. Naweza kubadilisha mpini wa kisu changu cha mfukoni mwenyewe? Nitumie mbao gani? Mbona nikikaza skrubu kisu hakifunguki tena? Wengi wanaouliza ni vijana wa hapa Kisumu, ila wako pia wa Nakuru na Kakamega. Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nikaona afadhali niyaandike yote kwa mpangilio, ili mtu akae mezani, afuate hatua na asiharibu kisu chake.

Kabla ya yote, lishike hili moja: kazi ya nyumbani ni mpini. Ubapa ulitoka kiwandani ukiwa umepashwa moto na kupozwa kwa kipimo, na hapo ndipo ugumu wake ulipotoka. Ukiupeleka kwenye mashine ya grainda kwa fundi wa barabarani "aupunguze kidogo", joto litaumaliza kwa sekunde chache. Nimeona mara nyingi: makali yanageuka rangi ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Ikishafika buluu, chuma kimepita nyuzi joto 290 hivi na ugumu wa mahali hapo umekwenda. Utanoa asubuhi, jioni hakikati nyanya. Mpini nao ukikosea unatupa kipande cha mbao na kuanza upya. Kwa hiyo mpini ndio tutakaoushughulikia, tena kwa mkono.

Kisu cha kuanzia

Visu vya kukunja viko vya namna mbili. Vya zamani vimeunganishwa kwa pini zilizogongwa kwa nyundo. Vya sasa vimefungwa kwa skrubu ndogo zenye mdomo wa nyota. Anza na cha skrubu. Chagua cha bei nafuu, chenye mabati mawili ya ndani na vibao viwili vya nje unavyoweza kuvifungua bila kuvunja kitu.

Usianze na kisu unachokipenda. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa ufuo wa Dunga, na aliniachia kisu chake cha pini, mpini umepasuka, ubapa umeliwa na kunolewa hadi ukawa mwembamba kama jani la mhindi. Nilikishika kabla sijajifunza lolote. Niligonga pini kwa msumari, bati likapinda, na mpaka leo kile kisu hakifungiki. Kipo kwenye droo. Kila ninapomwona mtu ameleta kisu cha marehemu babake kiwe cha kujifunzia, namwomba akirudishe nyumbani kwanza.

Mahitaji

Vifaa:
- Biti za nyota, T6 na T8. Seti za mafundi simu huwa na T6, na mara nyingi hata T8.
- Drili ndogo na biti za milimita 2 hadi 3, pamoja na moja inayolingana na kichwa cha skrubu.
- Msumeno mwembamba wa kukatia mikunjo, au msumeno wa chuma ikiwa ndio ulio nao.
- Tupa bapa na tupa ya nusu duara.
- Msasa namba 120, 240, 400 na 600.
- Jiliwa, au klampu mbili za kubania mbao kwenye meza.
- Selotepu ya pande mbili, selotepu ya karatasi na penseli iliyochongoka.
- Mafuta ya linsidi yaliyochemshwa kutoka duka la rangi, na mafuta ya cherehani.
- Barakoa na miwani ya kukinga macho. Hivi si hiari.

Mbao: mimi humwambia kila anayeanza atafute mpera. Ni mgumu, nyuzi zake zimeshikana, haupasuki ovyo, na boma nyingi za huku kwetu zina mpera uliokatwa tawi. Aliyewahi kutengeneza panda utotoni anaujua mti huu. Vipande vya mvule pia vinafaa. Mafundi wa samani huvitupa au kukuuzia kwa bei ndogo, nami hupita soko la Kibuye siku ya Jumapili kuangalia vilivyobaki. Saipresi na msindano achana navyo, ni laini mno kwa kipande chembamba hivi. Msandali usiguse, kuvuna kwake kulipigwa marufuku Kenya mwaka 2007, na pembe ya mnyamapori yeyote ni kesi. Pembe na mfupa wa ng'ombe ni halali na hupendeza sana, lakini harufu yake ikipigwa msasa haivumiliki ndani ya nyumba, na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Iache hadi kisu cha tatu.

Mbao lazima iwe kavu, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Tawi bichi la mpera lipasue vipande vya unene wa milimita 8 hivi, vipange kivulini penye hewa ukiweka vijiti katikati, kisha kila wiki vipime kwenye mizani ya dukani. Uzito ukikoma kushuka kwa wiki mbili mfululizo, mbao iko tayari. Hewa ya ziwani ina unyevu, kwa hiyo mbao iliyoonekana kavu mwezi wa nne wakati wa masika itanywea mwezi wa kwanza jua likiwaka, na kibao kitaachana na bati. Ukiweza, kausha na umalize kazi kipindi cha kiangazi.

Hatua za kazi

1. Funga ubapa kwa selotepu ya karatasi, tabaka tatu, kabla ya kugusa skrubu hata moja. Majeraha mengi niliyoyaona kwenye kazi hii yalitokea wakati wa kufungua. Kisu kinateleza, na mtu anakidaka kwa mkono. Kikianguka, kiache kianguke.

2. Piga picha kwa simu pande zote mbili, kisha tandaza kitambaa cheupe mezani. Kila skrubu unayoitoa ipange juu ya karatasi uliyochora umbo la kisu, mahali pale pale ilipotoka. Zinafanana kwa macho ila urefu unatofautiana.

3. Fungua skrubu. Ikigoma, usilazimishe, maana imewekwa gundi ya kiwandani na mdomo wa nyota utazunguka ukaisha. Chukua chuma cha kulehemu kama cha fundi simu, kiguse kichwa cha skrubu kwa nusu dakika, gundi italainika. Pasha kichwa cha skrubu tu, usipashe ubapa.

4. Toa vibao viwili vya zamani uvihifadhi vizima. Ndivyo kiolezo chako, na pia ndivyo vitakavyokuokoa kazi ikiharibika. Toa na ubapa, uangalie washa (viduara vyembamba vyenye tundu) au gololi zilizoko pande zake mbili zimekaaje, uzipige picha. Gololi ni ndogo kuliko mbegu ya ulezi, na ikidondoka sakafuni hutaiona tena.

5. Pima unene. Nasisitiza hatua hii kwa sababu nusu ya maswali ninayoletewa yanatokana nayo. Rudisha skrubu kwenye kibao cha zamani kikiwa peke yake mkononi, kigeuze, utazame meno ya skrubu yanachomoza kiasi gani upande wa ndani. Kibao chako kipya lazima kiruhusu meno yachomoze kiasi kile kile. Yakipungua, hayatashika bati na yataisha. Yakizidi, skrubu itapenya bati na kukwaruza ubapa, au itauzuia ulimi wa kufuli, ule unaoushikilia ubapa usijifunge, usiingie mahali pake. Kinachohesabiwa ni mbao iliyobaki chini ya kichwa cha skrubu. Unene wa kibao kizima hausemi kitu hapa. Ukitaka mpini mnono kidogo, unaweza, mradi uchimbe kitako cha kichwa cha skrubu kiende chini zaidi.

6. Sawazisha upande wa ndani wa mbao. Bandika msasa namba 120 juu ya kioo au kigae, usugue mbao kwa mwendo wa namba nane hadi ikikutana na bati usione mwanga katikati. Ukiona mwanga hapo, kibao hicho hakitakaa vizuri hata ukikaza vipi.

7. Bandika kibao cha zamani juu ya mbao mpya kwa selotepu ya pande mbili, upande bapa wa kibao ukitazama chini. Andika "NJE" kwa penseli upande wa juu wa mbao. Ukikigeuza utapata vibao viwili vya upande mmoja, na hili humpata karibu kila mtu mara ya kwanza.

8. Toboa kwanza, kata baadaye. Wengi hukata umbo halafu wakitoboa kipande kinapasuka kwa sababu kimeshakuwa kidogo. Weka ubao mbovu chini, ubane kwa klampu, toboa wima kabisa kupitia mashimo ya kibao cha zamani. Drili ya mkono ikikupeleka kando, tumia biti ndogo kwanza iongoze njia.

9. Chimba kitako cha vichwa vya skrubu. Biti ya kawaida huacha kitako chenye mchongoko, na kichwa bapa kikikaa juu yake kinaipasua mbao taratibu. Mimi hukata shina la boliti lenye kipenyo cha kichwa cha skrubu, nalisawazisha ncha kwa tupa, nabandika kiduara cha msasa kwa gundi, kisha nalizungusha kwa vidole ndani ya shimo hadi kitako kiwe bapa. Inachukua dakika tano kwa kila shimo. Kila baada ya muda mfupi tia skrubu, utazame meno yanavyochomoza, ulinganishe na hatua ya 5.

10. Kata umbo ukiacha milimita moja nje ya mstari. Kisha funga kibao kwenye bati lake kwa skrubu, bila ubapa, na umalizie kwa tupa. Hapa sikio linasaidia kuliko jicho. Tupa ikiwa juu ya mbao hutoa sauti nzito ya kukwangua. Ikigusa bati, sauti inapanda na kuwa nyembamba, kama kijiko kwenye sufuria. Ukiisikia hiyo, ondoka mahali hapo mara moja. Upande wa kufuli, nakili kijikato cha kidole kilichokuwa kwenye kibao cha zamani, la sivyo hutaufikia ulimi ili kufunga kisu.

11. Viringisha kingo. Chora mstari wa penseli milimita 2 kutoka ukingoni, shusha pembe hiyo kwa tupa, kisha ipitishe msasa kama unavyong'arisha kiatu. Funga macho ushike mpini kwa nguvu kama unayekata kamba. Mahali panapobonyeza kiganja pana kazi bado. Nakuomba usikimbie hapa, maana mpini mzuri unaujua mkononi kabla hujauona kwa macho.

12. Msasa namba 120, kisha 240. Baada ya 240 pangusa mbao kwa kitambaa chenye maji, iache ikauke, utaona manyoya yamesimama. Yaondoe kwa 400, malizia na 600. Vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, kwa hiyo barakoa ibaki usoni na kazi ifanyike nje.

13. Paka mafuta ya linsidi kwa kitambaa, nyembamba. Subiri dakika 20, pangusa yote yaliyobaki juu, acha siku nzima. Rudia mara nne au tano. Usitumie mafuta ya kupikia, hayakauki vizuri na yatanata na kunuka. Oili chafu ya gari ndiyo mbaya kabisa.

Onyo ambalo watu hawaliamini hadi litokee: kitambaa chenye mafuta ya linsidi kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kujipasha na kuwaka moto chenyewe. Kitandaze nje peke yake hadi kikauke kigumu, au kitumbukize kwenye kopo la maji.

14. Unganisha. Safisha vumbi lote kwa brashi ya meno, weka washa mahali pake, tone moja la mafuta ya cherehani kila upande. Kaza skrubu za mwili kwanza, za bawaba (pale ubapa unapozungukia) mwisho, kidogo kidogo, ukifungua na kufunga kisu kila robo mzunguko. Simama ubapa unapotembea bila kuchezacheza.

15. Jaribu kufuli kabla ya kuondoa selotepu kwenye makali. Fungua kisu, shika mpini vidole vyote vikiwa mbali na njia ya makali, gonga mgongo wa ubapa polepole juu ya ubao mara kadhaa. Kikijifunga, kisu hicho hakijaisha. Usikitumie.

Kubadilisha rangi ya ubapa

Hili nalo huulizwa, na linawezekana bila kuudhuru ubapa, ila kwa chuma kinachoshika kutu tu. Okapi, kile kisu kilichoanza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa Afrika, na ambacho tangu 1988 kinatoka Afrika Kusini, ni cha chuma hicho. Opinel ya Ufaransa iko ya aina zote mbili, na ile inayoshika kutu imeandikwa "Carbone" ubapani. Chuma kisichoshika kutu hakitabadilika hata ukikilaza ndani ya siki usiku kucha.

Osha ubapa kwa sabuni hadi usibaki na alama ya kidole. Utumbukize kwenye siki ya moto kwa dakika 10, utoe, utazame. Utakuwa wa kijivu. Ukitaka weusi zaidi, rudia. Kisha uoshe kwa maji yaliyokorogwa magadi, yale yale ya kupikia mboga, ili yaue asidi iliyobaki, ukaushe na kupaka mafuta. Rangi hiyo huchelewesha kutu, haiizuii. Hakikisha siki haiingii kwenye bawaba, kwa hiyo fanya hivi ubapa ukiwa umetolewa.

Mambo yakienda mrama

Ubapa unaegemea upande mmoja. Legeza skrubu zote, funga kisu, sukuma ubapa katikati kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa kila upande, kisha kaza tena ukianzia nyuma. Usiponyooka, kibao kimoja hakijakaa sawa kwenye bati. Rudi hatua ya 6.

Kisu hakifunguki ukishakaza. Ama umekaza bawaba kupita kiasi, ama washa imepinda, ama skrubu ni ndefu na inagusa ubapa. Tazama ubapani kama kuna mkwaruzo mpya. Ukiwepo, skrubu ndiyo yenye makosa: ipunguze ncha kwa tupa, au ubadilishane na jirani yake, maana huenda zilichanganyika.

Skrubu inazunguka bila kushika. Meno yameisha. Ikiwa ni ya bati, tafuta skrubu ya saizi inayofuata na ulitengeneze meno upya kwa fundi mwenye tapu, kile kifaa cha kukatia meno ndani ya shimo. Gundi haifai hapo.

Kibao kimepasuka kwenye shimo. Ufa mdogo wa unywele unaweza kujazwa gundi nyepesi ya matone na vumbi la mbao ile ile. Ufa unaofika ukingoni, tengeneza kibao kingine.

Mpini umevimba na ubapa unasugua mbao. Mbao haikuwa kavu, au ilipakwa mafuta upande wa nje tu. Vitoe vibao, viache sehemu kavu wiki mbili, visawazishe ndani, na safari hii paka mafuta hata upande unaokutana na bati na ndani ya mashimo.

Kufuli inateleza. Mara nyingi kibao kinausukuma ulimi au kinauzuia usifike mwisho. Weka rangi ya penseli upande wa ulimi unaotazama kibao, fungua na funga mara kumi, uone imepakaa wapi kwenye mbao. Chimba hapo kidogo. Ikiteleza hata bila kibao, kisu kilikuwa kibovu tangu mwanzo.

Wapo wanaoniomba niwafundishe kukifanya kisu kifyatuke chenyewe. Hilo sifundishi. Unapolegeza kishikio kinachozuia ubapa usifunguke, kisu kitakufungukia mfukoni.

Kisu chako kikikamilika, kiwe cha kazi: kukata kamba, kumenya muwa, kupunguza nyuzi za nyavu. Usitembee nacho mjini bila shughuli inayoeleweka, maana polisi akikikuta utaulizwa ni cha nini na jibu la "nimekitengeneza mwenyewe" halitoshi. Kazini kibebe kwenye boksi la vifaa. Siku ukiwa na safari ya ndege kutoka uwanja wa Kisumu, angalia mifuko yote ya koti na begi la mkononi kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu kitachukuliwa getini pamoja na wiki zote ulizotumia kukausha ule mpera.